Vilfredo Pareto: mzee aliyekataa kujumlisha

Kama unasoma uchumi, jina lake ulilikuta mwaka wa kwanza. Kama unasoma uhandisi wa viwanda, ulilikuta kwenye ile grafu ya nguzo zinazoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Sisi wa kompyuta tunachelewa kidogo. Tunalikuta pale mwalimu anapoacha kuuliza jibu moja lililo bora na kuanza kuuliza safu nzima ya majibu. Safu ya Pareto. Kila mtu anaitaja, lakini ukiuliza huyo Pareto alikuwa nani, wengi watakwambia ni yule jamaa wa 80 kwa 20, basi, mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nimemfuatilia kwa sababu ya mradi wangu wa mwisho wa shahada. Mradi unahusu kupanga ratiba ya mitihani kwa kutumia algoriti za kimageuko, na kwa muda sasa tumekuwa tukibishana, mimi na mwenzangu wa mradi, juu ya kigezo kipi kitumike kupanga majibu kwa madaraja. Ubishi wetu tuliudhani ni mpya. Kumbe una zaidi ya miaka 100, na mzee mwenyewe alikuwa katikati yake kabla kompyuta za kisasa hazijatengenezwa.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Julai 1848, mwaka ambao mapinduzi yalikuwa yanalipuka Ulaya karibu nzima. Baba yake, Raffaele Pareto, alikuwa mhandisi wa ukoo wa kikabaila kutoka Genoa na mfuasi wa Mazzini, aliyeishi Ufaransa kama mkimbizi wa kisiasa. Mama, Marie Métenier, alikuwa Mfaransa. Mtoto aliandikishwa kwa majina ya Kijerumani, Wilfried Fritz, na inasemekana wazazi walifanya hivyo kwa kushangilia mapinduzi ya Wajerumani. Familia iliporudi Italia, majina yakageuzwa yakawa ya Kiitaliano, na huyo ndiye Vilfredo tunayemjua. Nyumbani walizungumza Kifaransa na Kiitaliano, na mpaka uzeeni aliandika vitabu vyake kwa lugha zote mbili bila shida.

Shule ya kwanza ya Pareto haikuwa uchumi hata kidogo. Alisoma hisabati na uhandisi Turin, akahitimu mwaka 1870 akiwa wa kwanza darasani. Tasnifu yake ilihusu kanuni za msawazo katika vitu vigumu: ukikisukuma kitu huku na kukivuta kule, ni lini kitatulia? Naomba uliweke hilo swali kichwani. Miaka zaidi ya 20 baadaye aliliuliza tena, safari hii kuhusu soko, na wale waliomlaumu kwamba anawatazama binadamu kama vyuma hawakuwa mbali sana na ukweli.

Baada ya kuhitimu aliajiriwa kwenye reli, kisha akahamia kampuni ya chuma ya San Giovanni Valdarno, karibu na Florence, akapanda hadi kuwa mkurugenzi. Hii sehemu ya maisha yake huwa inarukwa, nami sioni kwa nini. Takribani miaka 20 mtu huyu hakuwa profesa. Alikuwa anahesabu makaa, mishahara na nauli za mizigo. Aliona kwa macho yake serikali ikiweka ushuru wa kuwalinda wenye viwanda wachache huku mlaji wa kawaida akilipa tofauti. Alikasirika. Mwaka 1882 akagombea ubunge huko Pistoia, akashindwa. Akageukia magazeti, akaandika makala baada ya makala dhidi ya ushuru, dhidi ya matumizi ya kijeshi, dhidi ya wanasiasa waliokuwa wakigawana keki. Wakubwa hawakumpenda.

Mwaka 1889 alimwoa Alessandrina Bakunina, binti wa Kirusi, wakaishi Fiesole juu ya vilima vya Florence. Huko ndiko alikoanza kusoma uchumi kwa dhati, akiwa na umri wa miaka 40 na kitu. Rafiki yake Maffeo Pantaleoni ndiye aliyemsukuma amsome Léon Walras, yule aliyejaribu kuuandika uchumi mzima kwa milinganyo inayotegemeana. Kwa mhandisi aliyewahi kuandika tasnifu ya msawazo, hiyo ilikuwa kama kukutana na ndugu aliyepotea. Walras alipostaafu, kiti chake katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, kikaenda kwa Pareto. Mwaka ulikuwa 1893. Kwa hiyo ukimwona mtu anarudi chuo akiwa na mvi, usimcheke. Huyu alianza ualimu akiwa na miaka karibu 45. Urafiki wa wawili hao baadaye ulipoa, kwa sababu Walras alitaka uchumi ulete haki, hata ardhi itaifishwe, na Pareto alitaka uchumi uwe sayansi tu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Alikuwa anatoa mada Geneva, na Gustav Schmoller, profesa mkubwa kutoka Ujerumani, akawa anamkatiza kwa sauti akiuliza kama kweli uchumi una sheria zozote. Baadaye Pareto, ambaye hata siku za kawaida hakujali mavazi, akamfuata Schmoller barabarani akiwa amevaa kama ombaomba, akamwomba amwelekeze hoteli ambayo mtu anakula bure. Schmoller akamjibu kwamba hoteli ya namna hiyo hakuna, zipo za bei rahisi tu. Pareto akacheka: basi zipo sheria za uchumi. Kama kisa ni cha kweli chote au kimeongezwa chumvi, kinamfanana kabisa.

Akiwa Lausanne alifanya kazi mbili ambazo hadi leo zinatusumbua. Ya kwanza ni ya kipato. Alikusanya takwimu za kodi kutoka Uingereza, Prussia, Saxony, miji ya Italia, hata za Augsburg za karne ya 15 na 16, akazichora kwenye karatasi ya logi. Zikatoka karibu mstari ulionyooka, na mwinamo wake ulikuwa kama 1.5 karibu kila mahali. Maana yake ni hii: kama watu 1,000 wana kipato kinachozidi kiwango fulani, basi wenye kuzidi mara 4 ya kiwango hicho ni kama 125 tu. Hilo ndilo alilosema. Ile 80 kwa 20 inayopigiwa debe kwenye semina za ujasiriamali hakuitunga yeye. Ni Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa viwanda huko Marekani, aliyempachika jina la Pareto, na miaka mingi baadaye Juran mwenyewe alikiri kwamba jina lile halikustahili kukaa pale.

Kazi ya pili ndiyo iliyotuletea ubishi.

Wachumi wa wakati ule waliamini kuwa raha ya mtu inaweza kupimwa na kujumlishwa. Francis Edgeworth wa Uingereza aliota hata chombo cha kuipima, kama kipimajoto. Ukishaweza kupima, kazi ni rahisi: jumlisha raha za watu wote, chagua mpango wenye jumla kubwa. Pareto akagoma. Furaha yangu ukila wali na furaha yako nikila ugali haziko kwenye mizani moja, na hakuna mwenye haki ya kuziweka pamoja akadai ni sayansi. Hata neno manufaa aliliona limechafuka, akatunga lake la Kigiriki, ofelimita. Alichobakiza ni kulinganisha tu: mtu anajua kwamba hiki anakipenda kuliko kile, basi, usimwulize mara ngapi.

Sasa bila kujumlisha, unasemaje kwamba hali moja ni bora kuliko nyingine? Katika kitabu chake cha Manuale cha mwaka 1906, na katika maandishi ya miaka ya 1890 kabla yake, alijibu hivi. Kama unaweza kusogea ukamfaidisha mmoja bila kumuumiza mwingine, bado hujafika, endelea. Ukifika mahali ambapo kila hatua inamnufaisha huyu kwa kumpunguzia yule, simama. Hapo uchumi umeishiwa maneno. Edgeworth, kwa haki yake, alikuwa ameukaribia mstari huohuo tangu 1881, ndiyo maana wengine huandika majina yote mawili.

Tuache Lausanne kidogo twende kutafuta geto. Umepata vyumba vitano, na unaangalia mambo mawili: kodi ya mwezi na dakika za kutembea hadi darasani. Chumba A ni elfu 50, dakika 60. B ni elfu 70, dakika 40. C ni elfu 100, dakika 15. D ni elfu 80, dakika 45. E ni elfu 110, dakika 50. Kwa macho ya Pareto, A, B na C hawajazidiwa na yeyote: kila kimoja kina kitu ambacho wenzake hawana. D amezidiwa na B, kwani B ni rahisi na ni karibu. E amezidiwa na B, C na D.

Algoriti ya kimageuko inafanya kazi na kundi la majibu kama hayo, mamia. Inachagua yaliyo bora, inayachanganya kama wazazi, inabadilisha kidogo, inapata kizazi kipya, inarudia. Bila daraja haiwezi kuchagua wazazi. Mwaka 1989 David Goldberg alipendekeza madaraja yatolewe kwa safu: ondoa wasiozidiwa, wape daraja la kwanza, halafu tazama waliobaki, wasiozidiwa kati yao ni daraja la pili, na kuendelea. Kwa vyumba vyetu: A, B, C ni wa kwanza, D wa pili, E wa tatu. Mwaka 1993 Fonseca na Fleming wakaja na hesabu nyingine: daraja lako ni 1 ukijumlisha na idadi ya waliokuzidi. Hapo D anabaki wa pili, lakini E anaporomoka hadi 4. Njia ya safu ndiyo iliyoenea zaidi, hasa baada ya Kalyanmoy Deb na wenzake wa Kanpur, India, kutoa NSGA-II mwaka 2002, ambamo walio safu moja hutenganishwa kwa kuangalia nani yuko peke yake na nani amebanana na majirani. Aliye peke yake anapendelewa, ili safu isijazane mahali pamoja.

Mpaka hapo mzee angetikisa kichwa kukubali. Shida inaanza vigezo vikiongezeka. Ongeza maji kwenye vyumba vyako, ongeza umeme, usalama, kelele za baa ya jirani. Ili chumba kimoja kimzidi mwenzake lazima kisishindwe popote. Ukichukua vyumba viwili ovyo, na vigezo havihusiani, uwezekano wa kimoja kumzidi mwingine ni nusu kwa vigezo 2, robo kwa 3, moja ya nane kwa 4. Kwa vigezo 10 ni 1 kati ya 512. Yaani karibu kila chumba mjini kitakuwa daraja la kwanza, hata kile kinachovuja, mradi baa yake imefungwa. Algoriti inabaki imeduwaa, haina pa kushika.

Ndipo watu wanaporudi kwenye kujumlisha. Mwaka 1997 Bentley na Wakefield walieleza, pamoja na njia nyingine, kupanga majibu kwa nafasi: kila kigezo kitoe wa kwanza hadi wa mwisho, kama ripoti ya shule ya msingi, halafu chukua wastani wa nafasi. Fanya kwa vyumba vyetu. Kwa kodi: A 1, B 2, D 3, C 4, E 5. Kwa umbali: C 1, B 2, D 3, E 4, A 5. Jumla zinatoka B 4, C 5, A 6, D 6, E 9. Umeona? A, ambaye hajazidiwa na yeyote, amelingana na D ambaye B anamshinda kila upande. Ukitumia njia ya nafasi bora, ambapo kila chumba kinahesabiwa kwa kigezo kinachokifaa zaidi, mambo yanageuka: A na C wanaongoza, na B, kipenzi cha wastani, anashuka.

Na A ni chumba cha nani? Cha yule ambaye boom limechelewa na elfu 70 hana. Kwake dakika 60 si kigezo cha kujadili, ni kutembea tu. Wastani wa nafasi unampenda mtu wa kati. Wa pembeni, anayeshinda jambo moja kwa sababu hilo moja ndilo analoliweza, wastani unamsukuma chini mpaka anafanana na aliyeshindwa.

Kwenye ratiba yetu tuna malengo manne: siku chache, vyumba vichache, wasimamizi wachache, na mapumziko ya kutosha kati ya mtihani na mtihani kwa kila mwanafunzi. Mwenzangu anataka wastani, na hoja anayo. Corne na Knowles mwaka 2007 walilinganisha njia kadhaa kwenye matatizo yenye malengo mengi, na wastani wa nafasi, pamoja na urahisi wake, ukafanya vizuri kuliko nyingine zenye hesabu nzito. Unakimbia haraka, unatoa majibu mazuri. Pia hauwezi kumpandisha D juu ya B anayemzidi, hilo nalikubali. Lakini malengo matatu kati ya manne ni ya ofisi, na moja ni la mwanafunzi. Ukichukua wastani umeshapiga kura tatu kwa moja, kimyakimya, kabla programu haijaanza. Ratiba inayowapumzisha watu wenye masomo ya kurudia, lakini inayotumia siku 2 zaidi, inakufa kizazi cha tano na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo. Msimamo wangu: tutumie safu hadi mwisho, hata kama inaenda polepole, halafu majibu yaliyobaki yawekwe mezani wahusika wachague wakiyaona.

Wapo wanaosema njia ya Pareto nayo haina huruma, na wana haki. Mmoja akimiliki kila kitu na wengine hawana, hali hiyo haijazidiwa, kwa sababu kumpa maskini ni kumpunguzia tajiri. Amartya Sen alilieleza jambo hilo vizuri mwaka 1970. Ila nikimsoma mzee naona alilijua. Mwaka 1913, na tena katika Trattato yake ya sosholojia ya mwaka 1916, alitenganisha mambo mawili: kufika kwenye safu, ambako hakuhitaji kulinganisha watu, na kuchagua nukta ipi kwenye safu, ambako lazima uamue nani ana uzito gani. Hilo la pili alisema linafanywa kila siku na watawala, kwa hisia na maslahi yao, si kwa uchumi. Hakulikataza. Alichokataa ni kulivisha joho la sayansi.

Maisha yake mwenyewe hayakutulia kama milinganyo yake. Mwaka 1898 alirithi mali nyingi ya ndugu wa baba yake. Mwaka huohuo ghasia za njaa zilipozimwa kwa risasi Italia, alihifadhi wakimbizi wa kisoshalisti, watu ambao mawazo yao aliyapinga, na ambayo baada ya miaka michache aliyaandikia vitabu viwili vizima vya kuyabomoa. Mwaka 1901 Alessandrina aliondoka, na habari inayosimuliwa ni kwamba aliondoka na mpishi. Pareto akajifungia Céligny, kijiji kando ya ziwa la Geneva, katika nyumba iliyoitwa Villa Angora kwa sababu ya paka wake wengi wenye manyoya marefu. Alilala vibaya, moyo ulimsumbua, akawa mkali kwa kila mtu. Huko ndiko alikoandika juu ya makundi ya wakubwa yanayopokezana madaraka, simba wakiwatoa mbweha na mbweha wakiwatoa simba, kitabu kinene ambacho sikushauri ukianze wiki ya mitihani.

Mafashisti waliposhika Italia Oktoba 1922 wakamtaka kama babu yao wa kifikra, na mwaka uliofuata serikali ya Mussolini ikamteua kuwa seneta. Hakuwapinga waziwazi, na doa hilo haliondoki kirahisi. Bali aliwashauri waache uhuru wa magazeti na wa kufundisha vyuoni, ushauri ambao hawakuufuata.

Jambo lililomshughulisha zaidi miezi hiyo ya mwisho lilikuwa dogo na la binafsi. Sheria ya Italia haikuruhusu talaka, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 alibaki mume wa mwanamke aliyekwisha kwenda. Jeanne Régis, aliyeishi naye miaka yote hiyo Céligny, hakuwa na haki yoyote mbele ya sheria. Pareto akajiandikisha uraia wa dola dogo la Fiume, ambako talaka ilipatikana, akaachana na Alessandrina, akamwoa Jeanne katika mwaka 1923. Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka huohuo, akazikwa Céligny.